Kuchagua Tahasusi ya Kidato cha Tano Bila Kujifungia Milango: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi na Wazazi wa Tabora na Kigoma

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, swali moja hurudi, na karibu kila mara huletwa likiwa limechelewa. Mzazi wa Urambo au Kasulu anauliza: "Mwanangu yuko kidato cha sita CBG, anataka udaktari wa binadamu. Afanyeje?" Akitegemea cheti hicho cha kidato cha sita, hawezi, kwa sababu CBG ni tahasusi (kundi la masomo matatu) ya Kemia, Baiolojia na Jiografia, naye hakusoma Fizikia. Kosa lilifanyika miaka miwili nyuma, siku alipojaza fomu kwa kufuata rafiki zake.

Mwongozo huu ni wa kuzuia kosa hilo na mengine ya jamii yake. Unamhusu zaidi aliyefanya mtihani wa kidato cha nne na anayesubiri kupangiwa, lakini aliye kidato cha pili na cha tatu atafaidika zaidi kwa kuwa bado ana muda.

## Andaa hivi kwanza

- Matokeo yako ya kidato cha nne, somo kwa somo, kutoka tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA). Usitumie divisheni peke yake.
- Namba yako kamili ya mtihani, ya kituo na ya mtahiniwa.
- Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), kwa vyuo vikuu, na wa baraza la elimu ya ufundi (NACTVET), kwa vyuo vya kati. Miongozo yote miwili hutolewa bure mtandaoni. Pakua wa mwaka wa karibuni zaidi.
- Cheti cha kuzaliwa.
- Daftari, kalamu na jioni moja isiyo na haraka, mzazi au mlezi akiwa amekaa karibu.

Kama nyumbani hakuna intaneti, nenda steshenari yoyote ya mjini Tabora, Nzega, Kigoma au Kibondo, wakupakulie miongozo hiyo kwenye simu au kadi ya kumbukumbu. Ukurasa wa kozi unazozitaka uchapishe. Karatasi utakayoishika mkononi itakusaidia kuliko faili ambalo hulifungui.

## Hatua ya 1: Andika kozi tatu unazozitaka, si tahasusi

Wengi huanza na swali "nichukue PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) au HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza)?" Hapo ndipo mambo huharibika. Tahasusi ni njia tu. Anza na unakotaka kufika.

Andika kozi tatu. Ya kwanza iwe ile unayoitamani kabisa. Ya pili iwe unayoweza kuifanya kwa furaha ya kwanza ikikosekana. Ya tatu iwe ya chuo cha kati, yaani stashahada. Usiiruke hii ya tatu. Watu wetu wengi huona chuo cha kati kama adhabu ya aliyefeli, na kwa fikra hiyo huwanyima watoto njia nzuri iliyo karibu na nyumbani. Tabora ina Chuo cha Ardhi, Chuo cha Nyuki, Chuo cha Kilimo Tumbi na kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma. Kigoma kuna chuo cha uvuvi pale Kibirizi, na Kasulu ina vyuo vya ualimu. Mtoto aliyekulia penye mizinga ya Sikonge au penye dagaa wa Ziwa Tanganyika asione aibu kusomea kitu anachokijua tangu utotoni.

Hatua hii imekamilika kozi tatu zikiwa kwenye karatasi, na kila moja unaweza kueleza kwa sentensi moja kwa nini unaitaka. Ukijikuta unaandika "kwa sababu ina ajira" mara tatu, rudi ukafikiri tena.

## Hatua ya 2: Soma masharti ya kozi, kisha urudi nyuma mpaka kwenye tahasusi

Fungua mwongozo wa TCU, itafute kozi yako ya kwanza, usome safu ya sifa za kujiunga. Chora mstari chini ya majina ya masomo. Masomo hayo ndiyo yanayokuchagulia tahasusi.

Mifano inayosumbua wengi:

Udaktari wa binadamu. Yanatakiwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, na kila moja lisipungue D ya kidato cha sita. Kwa hiyo ni PCB. CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) haitoshi, hata ukipata A tatu.

Uhandisi. Vyuo vingi hutaka Hisabati ya juu na Fizikia. Njia yake ya kawaida ni PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati) nayo hufungua baadhi ya kozi hizo; angalia chuo kimoja kimoja.

Kilimo, misitu, mazingira. Hapa CBG ina nguvu, na CBA yenye somo la Kilimo pia. Nawasisitizia watoto wa Kaliua na Uvinza: CBG ni tahasusi nzuri kabisa kwa mambo yake. Tatizo huja inapochukuliwa kama "PCB nyepesi."

Sheria. HGL, HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) na HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) zote hupokelewa katika vyuo vingi. Kiingereza cha kidato cha nne nacho hutazamwa, kwa hiyo aliyepata D ya Kiingereza asome masharti kwa makini.

Uhasibu, uchumi na biashara. ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu), EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) na HGE (Historia, Jiografia, Uchumi). Hapa kuna mtego. Asiyesoma Hisabati ya juu huweza kudaiwa awe amefaulu BAM (somo la ziada la hisabati tumizi ya msingi kidato cha tano na cha sita), au awe na D ya Hisabati ya kidato cha nne. Mwanafunzi wa HGE mwenye F ya Hisabati anayeidharau BAM anaweza kujikuta na alama nzuri za Uchumi na bado kozi ikamkataa.

Orodha ya tahasusi imekuwa ndefu. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49, jumla zikawa 65, zikiwemo za michezo, sanaa, lugha na elimu ya dini. Uhuru umeongezeka, na hatari pia. Tahasusi mpya usiichague kwa kuwa jina lake linavutia. Ichague baada ya kuona kwa macho yako, ndani ya mwongozo wa TCU, kozi angalau mbili unazozitaka zinazopokea masomo yake.

Ukimaliza, pembeni ya kila kozi ya chuo kikuu kutakuwa na tahasusi moja au mbili. Mara nyingi utaona tahasusi moja inatokea katika kozi zote. Iwekee alama.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya pointi zako mwenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Vijana huchaguana kwa maneno ("wewe una akili, chukua sayansi") na hakuna anayeshika kalamu.

Kidato cha nne pointi huhesabiwa hivi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Pointi chache ndiyo ufaulu mzuri. Divisheni hutokana na masomo saba uliyofanya vizuri zaidi:

- Divisheni I: pointi 7 hadi 17
- Divisheni II: 18 hadi 21
- Divisheni III: 22 hadi 25
- Divisheni IV: 26 hadi 33

Kwa utaratibu wa miaka ya karibuni, kupangiwa kidato cha tano shule ya serikali kunahitaji uwe na C au zaidi katika masomo yasiyopungua matatu, bila kuhesabu ya dini, na jumla ya pointi zako isizidi 25. Kisha, na hapa wengi hawajui, masomo matatu ya tahasusi yenyewe yasizidi pointi 10, na lisiwepo hata moja lenye F. Tangazo la mwaka wako lisome hata hivyo, maana masharti hurekebishwa.

Tufanye mfano. Kijana ana matokeo haya: Uraia C, Historia C, Jiografia B, Kiswahili B, Kiingereza C, Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C, Hisabati D. Masomo saba bora ni B mbili na C tano: 4 jumlisha 15, sawa na 19. Ana divisheni II, na nyumbani wamefurahi.

Sasa tahasusi:

- PCM: 4 + 3 + 4 = 11. Imevuka kikomo.
- PCB: 4 + 3 + 3 = 10. Imeingia, lakini ukingoni kabisa.
- CBG: 3 + 3 + 2 = 8.
- HGL: 3 + 2 + 3 = 8.
- HGK: 3 + 2 + 2 = 7.

Tuseme kijana huyu anataka udaktari. Mfumo unaweza kumpa PCB. Je, aichukue? Maoni yangu ni kwamba D ya Fizikia ya kidato cha nne ni onyo zito. Fizikia ya kidato cha tano haianzi pale alipoishia mwenye D. Inaanza pale alipoishia mwenye B. Akiingia, aingie akijua kwamba likizo zake zote za miaka miwili zitakuwa za Fizikia, na kwamba shule yake ina mwalimu wa somo hilo na maabara inayofanya kazi.

Njia ya pili kwake ni stashahada ya utabibu. Hii hudai ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na D inakubalika. Ni miaka mitatu. Akihitimu vizuri anaweza kuomba udaktari chuo kikuu kwa sifa za stashahada, ambapo kwa kawaida hudaiwa wastani wa alama za chuo (GPA) usiopungua 3.0 pamoja na masharti ya masomo ya kidato cha nne. Akiwa hajaendelea, tayari ana taaluma na anaweza kuajiriwa. Kwa kijana wa mfano huu mimi ningeipa njia hii uzito sawa na PCB, na ningetaka mzazi wake aisikie kabla ya kuamua.

Utajua umefanikiwa hapa ukiwa na orodha ya tahasusi zenye namba pembeni, na zile zilizovuka 10 zimekatwa kwa mstari. Usiibakize hata moja iliyovuka kwa matumaini.

## Hatua ya 4: Pima kidato cha sita kabla hujaingia kidato cha tano

Watu wengi hudhani kwamba kupata divisheni III kidato cha sita ni kufika chuo kikuu. Si lazima iwe hivyo.

NECTA huhesabu A kuwa 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7 kwa masomo matatu ya tahasusi. Divisheni I ni pointi 3 hadi 9, II ni 10 hadi 12, III ni 13 hadi 17. TCU wao huhesabu kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Kiwango cha chini cha jumla ni ufaulu wa masomo mawili, kila moja kuanzia E, yenye jumla isiyopungua pointi 4.

Linganisha wawili hawa. Wa kwanza ana D, D, S. Kwa NECTA ni 4 + 4 + 6 = 14, divisheni III. Kwa TCU, D mbili ni pointi 4. Anaomba chuo kikuu. Wa pili ana D, E, S. Kwa NECTA ni 15, divisheni III hiyo hiyo. Kwa TCU ni 2 + 1 = 3. Haombi.

Ndiyo maana tahasusi inayokufanya uchechemee katika masomo mawili kati ya matatu ni hatari, hata kama jina lake linaheshimika mtaani. HGK yenye C mbili ina milango mingi. PCB yenye E tatu haina mlango wa chuo kikuu.

Kwa kila tahasusi iliyobaki kwenye orodha yako, jiulize ni masomo gani mawili unaweza kuyaahidi C. Ukiyataja bila kusita, ibakize.

## Hatua ya 5: Uliza shule na walimu, si marafiki

Mtafute mwalimu wa taaluma wa shule uliyomaliza, pamoja na mtu mmoja aliyemaliza kidato cha sita katika tahasusi unayoitaka ndani ya miaka mitatu iliyopita. Waulize mambo matatu: mbali na masomo matatu kuna masomo gani ya lazima, kama BAM inahusika, na kipi kiliwaangusha wengi.

Wanaolenga shule kongwe zenye ushindani, kama Tabora Wavulana na Tabora Wasichana, wajue kwamba nafasi hufuata ufaulu. Kuitamani shule si sababu ya kubadili tahasusi. Kijana wa Kakonko anaweza kupangiwa mkoa wa mbali kabisa. Kinachobaki naye miaka miwili ni masomo yake.

Kwa shule binafsi una uhuru wa kuchagua, na mzigo wa kukagua ni wako. Kabla ya kulipa ada, uliza idadi ya walimu wa kila somo la tahasusi, kisha tafuta matokeo ya kituo hicho kwenye tovuti ya NECTA. Matokeo ya kila shule yako wazi kwa kila mtu.

## Hatua ya 6: Jaza, au badilisha, ndani ya dirisha

Machaguo ya kwanza ulijaza ukiwa bado shuleni, kabla hujayajua matokeo. Baada ya matokeo kutoka, kwa kawaida mwishoni mwa Januari, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi shuleni, hufungua dirisha la kubadilisha tahasusi na kozi za vyuo kupitia selform.tamisemi.go.tz. Dirisha hilo hufungwa, na likifungwa limefungwa.

1. Ingia kwa namba yako ya mtihani na taarifa nyingine za kukutambua zitakazoulizwa.
2. Tengeneza nenosiri, uliandike kwenye daftari la nyumbani.
3. Panga machaguo kwa mapenzi yako, la kwanza likiwa lile unalolitaka zaidi kati ya yaliyopita hatua ya 3 na ya 4. Usiweke tahasusi iliyovuka pointi 10 juu ukidhani mfumo utakuonea huruma.
4. Jaza nafasi zote, pamoja na kozi za vyuo. Nafasi uliyoijaza ovyo ili fomu iishe inaweza kuwa ndiyo utakayopangiwa.
5. Hifadhi, toka, kisha ingia tena kuona kama mabadiliko yamekaa. Chapisha au piga picha ukurasa wa mwisho.

Onyo kuhusu steshenari: kijana wa pale anakusaidia kuchapa, hakuamulii. Kaa pembeni yake muda wote, nenosiri andika mwenyewe, na usiondoke kabla hujaona machaguo yako yamehifadhiwa. Na yeyote anayekudai fedha ili "akuhamishie tahasusi ofisini" ni tapeli.

Kagua pia majina yako. Yawe sawa, herufi kwa herufi, kwenye matokeo na cheti cha kuzaliwa. Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na tofauti ya herufi moja husumbua sana wakati wa kuomba. Marekebisho yaanze sasa, si wiki ya mwisho ya maombi.

## Hatua ya 7: Ukishapangiwa

Orodha ikitoka, pakua fomu ya kujiunga ya shule yako siku hiyo hiyo na uitazame tarehe ya mwisho ya kuripoti. Masomo ya kidato cha tano huanza Julai. Ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/23, lakini nauli, godoro, sare, madaftari na vifaa vingine ni vya nyumbani. Mzazi anayetegemea mauzo ya tumbaku au mawese apige hesabu hiyo mapema, kabla fedha ya msimu haijaisha.

Ukipangiwa tahasusi uliyoiweka chini, ripoti kwanza. Mwone mkuu wa shule wiki ya kwanza, ukiwa na matokeo yako na karatasi yako ya pointi, uombe kubadilishiwa ndani ya shule hiyo kama tahasusi unayoitaka ipo na nafasi ipo. Wanaokwenda na karatasi husikilizwa zaidi kuliko wanaokwenda na machozi. Ukisubiri hadi Septemba, wenzako wameshakamilisha mada kadhaa, na ombi lako linakuwa gumu hata kwa mwalimu mwenye nia njema.

Usipopangiwa popote, subiri kuona kama kutakuwa na awamu nyingine, na wakati huo huo omba vyuo vya kati kupitia utaratibu wa NACTVET. Kurisiti, yaani kurudia mtihani, kama mtahiniwa wa kujitegemea kunafaa pale unapokosa somo moja au mawili tu, kwa mfano Hisabati yenye F inayokufungia kozi yako. Jua mapema kwamba anayerisiti kwa kawaida hapangiwi shule ya serikali. Atatafuta shule binafsi au chuo.

## Kwa walio kidato cha pili na cha tatu

Mlango wa udaktari, uhandisi na famasi hufungwa mapema kuliko mnavyodhani: siku unapoacha Fizikia au Kemia na kwenda mchepuo wa sanaa. Kama hujajua unachokitaka na masomo hayo unayamudu kwa C, yabakize. Kama kila mtihani unapata F licha ya juhudi, yaache, uweke nguvu kwenye yale yatakayokupa C tatu zilizo imara. Na Hisabati ni ya lazima kwa kila mtu, kwa hiyo pigania angalau D yake.

Kazi za darasani na mitihani ya shule nazo zina uzito. Katika matokeo ya kidato cha nne, alama endelevu huchangia 30 kati ya 100. Anayekosa mtihani wa muhula kwa sababu ya mavuno au mnada anazipoteza alama hizo kabla hata ya Novemba. Mzazi, kama kuna kazi ya shamba isiyosubiri, nenda shuleni uombe ratiba ya mitihani, upange siku za kumwita mtoto nyumbani kwa kuifuata ratiba hiyo.